Mzizi wa «Quarrel»

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Shirika moja hapa Bunia linatafuta mkalimani wa Kiingereza. Mmoja tu! Jaribio ni Ijumaa. Nikikosa, narudi Mambasa kupakia mbao za shemeji. Mgongo wangu haujasahau. Plamedi, jirani aliyeishi Kampala, naye kajiandikisha. Yeye hata kuku wake anawasalimia kwa Kiingereza. Kwa kuongea simuwezi.
Mpango: yeye anajua maneno mengi juujuu. Mimi nitajua moja, mpaka mzizini. Nimechagua «quarrel», yaani kugombana.

Jumanne, 7 Oktoba
Mwalimu Madeleine, mstaafu wa mtaa wa Mbunya, ana kamusi kubwa. Haazimishi. Unasoma kwake, ukimchambulia maharage. Beseni mbili! Lakini nimepata. Neno lilitoka Kilatini, likapita kwa Wafaransa, ndipo Waingereza wakalichukua. Na kule Kilatini maana yake ilikuwa kulalamika! Nilibaki na maharage mkononi. Kumbe kabla ya kugombana kuna mtu aliyelalamika bure? Hilo kamusi haikusema, nimeongeza mwenyewe.
Kwa usalama nimemwambia Mwalimu kwamba Plamedi ana upele wa mikono. Hatamkaribisha kwenye maharage.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda bombani kuhakikisha. Pale bidoni, dumu la maji, ndiyo inapanga foleni, mwenyewe yuko sokoni. Nikasogeza moja ya njano nyuma kidogo, kwa ajili ya elimu. Mwenyewe, Mama Ornella, aliporudi, alianza kwa kulalamika. Safi! Nikaandika saa. Dakika ya tatu, wanawake watano wanagombana. Dakika ya nne wakauliza nani amesogeza.
Daftari limelowa. Mimi pia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Jaribio. Madame Régine, mkuu wa kamati, alimleta mama Alphonsine, aliyekimbia vita Djugu, sasa yuko kambini. Kila mmoja wetu amtafsirie kwa mgeni wa shirika, anayejua Kiingereza tu. Nikaanza mimi. Mama akasema, "Bashi yetu ya kufunika nyumba ilitoboka. Mvua iko inatunyeshea na batoto. Nilisema mara tatu, hakuna mutu alisikia."
Malalamiko! Nikamgeukia mgeni, nikamweleza Kilatini, Wafaransa, bidoni ya njano. Dakika kumi na mbili. Plamedi alisema sentensi tatu, akaketi. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wamemchukua Plamedi. Nimeumia, sitaficha. Lori la Mambasa ni Jumatatu. Madame Régine aliniambia kwa upole, "Weye unajua ugomvi unatoka wapi. Lakini ile bashi ya mama, hukuisema."
Nimeyawaza maneno hayo mchana kutwa. Baadaye nikakutana na mama Alphonsine njiani, amebeba turubai jipya. Akasimama, akasema ana jambo la kuniambia. Nikamwomba angoje kidogo. Nikamuuliza kwanza kwa lugha yao kulalamika wanasemaje, na neno hilo walilitoa wapi.
Akaniangalia, akashika njia yake. Alichotaka kusema sijui. Na neno lenyewe pia hakunitajia!