Kocha Aliyekuwa Akibisha Hodi

Jumatatu, 3 Machi
Tumefungwa tena, mara ya nne mfululizo. Zimebaki mechi mbili. Tukipoteza zote, tunashuka daraja. Shemeji, mume wa dada yangu, ameifundisha klabu hii miaka kumi na moja. Mimi ndiye katibu. Leo nilimpelekea kikosi changu, nimekiandika kwenye karatasi safi. Akashukuru, akaitumia karatasi hiyo kufutia miwani yake. Basi, lazima aondoke. Si kwa ajili ya miwani, la hasha. Ni kwa maslahi ya klabu.

Jumatano, 5 Machi
Kikao cha kamati kwa mwenyekiti, muuza mbao. Nilikuwa nimempitia kila mjumbe na kumwambia wenzake wote wameshakubali. Mwenyekiti alisita. Alisema kocha wa mechi nne mbovu ni yule yule wa misimu kumi mizuri. Nikamjibu kwamba historia haifungi mabao. Makofi. Shemeji akaondolewa. Alipoambiwa hakubisha, aliuliza tu nani atawapitia vijana siku ya Ijumaa. Nikamwambia asijali, vijana ni watu wazima, uwanja wanaujua. Kocha mpya ana cheti, filimbi ya chuma na ubao wa kuchorea mishale. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja wachezaji sita! Bila saba hakuna mechi. Mwamuzi akawahesabu, kisha akahesabu viatu. Kocha mpya alikuwa akiwachorea mishale watu ambao hawapo. Nikavua koti nicheze mwenyewe; mwamuzi akaniuliza leseni. Wapinzani wamepewa pointi zote bila kutoka jasho.

Nikampigia kipa. Akanong'ona kwamba yuko zamu kiwandani. Siku zote shemeji ndiye aliyemwombea ruhusa kwa msimamizi. Beki wa kati yuko dukani kwa mjomba wake, kisa ni hicho hicho. Kumbe kila Ijumaa, miaka yote hiyo, shemeji alikuwa akizunguka kubisha hodi kwa mabosi wa wachezaji na kwa mama zao. Mimi, katibu, sikujua. Nilidhani wanakuja kwa mapenzi ya jezi.

Jumapili, 9 Machi
Dada kanipigia. Hakugomba, na afadhali angegomba. Anasema jana mumewe aliamka alfajiri, akavaa viatu vya uwanjani, akafunga kamba, akakaa ukingoni mwa kitanda hadi saa nne. Kisha akavivua. Chakula kimenishinda. Nimemfanyia ubaya mtu ambaye hajawahi kunifanyia baya lolote, na aibu hii sina wa kugawana naye.

Jumanne, 11 Machi
Kamati imeachana na yule wa cheti. Nilikwenda kwa shemeji, nikaomba radhi nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia nimemkosea kama kocha na kama ndugu. Akasema niingie, nzi wanaingia pia. Amekubali kurudi. Ijumaa ataanza mizunguko yake, nikaomba tufuatane. Akasema njoo, ila usiongee. Nilitoka pale machozi yakinilenga.

Sasa nimeelewa. Kocha wa namna hii haondolewi kwa sababu ya vipigo viwili vitatu. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitamgusa tena. Kisha, kwa kuwa katibu mzuri hujiandaa, nimechapa barua ya kumwachisha shemeji kazi, nikatia sahihi na kuigonga muhuri. Tarehe tu ndiyo nimeiacha wazi.