Malalo ya Simbilisi wa Josefina

Jumatatu, 2 Juni 1952
Jumbe Zenon amekuja bondeni. Ametazama kipande changu kando ya kijito. Magugu matupu. Amesema nikimwonyesha miche ya kabichi kufikia mwisho wa mwezi, kipande kinabaki changu. Nisipomwonyesha, anampa jirani yangu Theodory. Theodory alisimama pembeni akiitikia kila neno kwa kichwa. Matuta yake yamejaa majani aliyofukia tangu mvua, yanaoza vizuri ndani. Mimi sina. Kualika watu walime matuta kunataka pombe ya ulezi, na mke wangu Josefina amekataa kupika. Anadai mwaka jana walimaliza mtungi wasilime hata tuta. Si kweli. Walilima moja.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata! Josefina anafuga simbilisi jikoni, wale wanyama wanene mithili ya panya wasio na mkia. Hawachinji. Kila mmoja ana jina la mtakatifu. Wanalalia mabua ya ulezi, na malalo yakichafuka anayatupa nyuma ya nyumba. Mbolea ya bure! Nimeyabeba yote bondeni, nimeyalundika, nimemwagia maji. Josefina amesema, haya Baba Cornelia, lakini liache lundo lichemke mpaka lioze lote, mabua yale bado yana punje. Nimemwambia najua.

Jumatatu, 9 Juni
Baridi kali. Lundo linafuka! Nimetia mkono, nimeutoa upesi. Theodory amepita, amenusa, ameuliza ninapika nini. Nimemjibu ni siri ya kazi.
Nilikosea.

Jumanne, 10 Juni
Tarishi wa jumbe, na jembe begani. Theodory amepeleka habari kwamba nimefukia mtungi wa gongo. Kwa gongo mtu anapelekwa boma, na boma halina haraka ya kurudisha watu. Tarishi akafukua. Nilijua hamna kitu. Lakini shemeji yangu hupita huku, na sijui kila anachobeba. Jembe likagonga kitu kigumu. Jiwe. Tarishi akanusa vidole, akasema, bwana wee, hiki si kinywaji, ni mavi ya panya, akajifuta kwenye shati langu. Ameondoka. Lundo limetawanyika, limepoa.

Jumatano, 11 Juni
Josefina anataka nilundike upya. Wanawake! Jumbe atasubiri? Nimetandaza yote kitaluni na kusia mbegu za kabichi.

Alhamisi, 19 Juni
Kijani! Kitalu kizima! Nimemwita Theodory aje aone, nikamshauri atafute bonde lingine. Ameinama, ametazama kwa muda, akaniambia pole.
Wivu.

Jumamosi, 28 Juni
Jumbe amefika. Nimemwamkia shikamoo kwa sauti ya mwenye shamba. Aling'oa mche, akautafuna, akauliza ni tangu lini kabichi ikaota jani jembamba namna hii. Ulezi! Kitalu kizima ni ulezi, na kabichi zimesongwa chini yake. Akasema alikuja kutazama mboga, ameonyeshwa pombe. Watu walicheka hadi ng'ambo ya kijito. Theodory amepewa kipande papo hapo, na jembe lake alikuwa amekuja nalo.

Jumatatu, 30 Juni
Jumbe ameniazima mteremko wa mawe huko juu, nijaribu tena mvua zikianza. Nimefikiri kwa utulivu. Kosa liko wazi: malalo yalikuwa machache. Simbilisi waongezwe, na walalie mabua mengi zaidi. Nimemwomba Theodory mabua yote ya ulezi anaovuna wiki hii. Amenipa bila kusita, hata yale ambayo hayajapurwa vizuri, na amenisaidia kubeba mpaka mlangoni. Njia nzima alikuwa akigeuza uso, mabega yanamtikisika.
Aibu ile. Nimemsamehe.