Ombi la Kupelekwa Mbali kwa Mume Wangu, Mwalimu wa Ufungashaji

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Teknolojia ya Uhandisi na Sayansi ya Ufungashaji.

Ndugu Mkuu, na kama hupendi makuu, basi shemeji,

Pokea salamu za mtu ambaye hujapata kumsikia akilalamika, kwa sababu kila ukija kwetu mimi huwa jikoni. Wiki iliyopita ofisi yako iliniletea karatasi. Ilisema kwamba tawi jipya la chuo, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, linahitaji mhadhiri wa kwenda kuanzisha karakana ya ufungashaji kwa miaka miwili. Kwamba wamependekezwa wawili, mume wangu na yule mwenzake anayefundisha plastiki. Na kwamba mimi, kama mke, niandike kabla ya Ijumaa kama nina pingamizi.

Sina. Naomba mume wangu apelekwe, na kama miaka miwili haitoshi, ifanywe mitano. Usinione mkorofi, shemeji. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, kwa hiyo nitakueleza moja baada ya jingine.

1. Miwani ya mama. Mama yangu alivunja miwani yake, nikamnunulia nyingine, nikakosea nikamwomba mume wangu aifunge ili itumwe. Mtu mwingine angeizungushia kitambaa, yakaisha. Huyu alichukua siku nne. Alitengeneza boksi ndani ya boksi, na ndani kabisa kitanda cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo la miwani yenyewe. Miwani ilifika salama. Mama alikaa na boksi siku kumi na moja bila kulifungua, kwa sababu maelezo ya kufungua yaliandikwa kwa herufi ndogo nzuri, na kuyasoma kunataka miwani. Nilipomweleza mume wangu, aliuliza kama ilikuwa na mkwaruzo.

2. Kuangusha. Najua kwenu ni jambo la kawaida kwamba boksi, kabla ya kuaminiwa, liangushwe mara kumi: mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo, mara sita kwa pande. Wanafunzi humwita Bwana Kona, nami nimeambiwa ni jina la heshima. Lakini kwetu ni ghorofa ya pili, na yeye husimama juu ya stuli sebuleni siku ya mapumziko. Nesi anayekaa chini yetu alipopanda ngazi nilishatayarisha maneno ya kuomba radhi. Hakuyataka. Aliuliza tu kama limepasuka, kwa kuwa yeye na mumewe walikuwa wamewekeana dau la kufua nguo. Sasa sina hata jirani wa kulalamika naye.

3. Dukani. Nimtume sukari, nimngoje. Anaminya mfuko mmoja mmoja, anausikiliza mshono, anaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Muuza duka alidhani ni mkaguzi, akawa anamtolea kiti. Siku hizi anajua ni mume wangu na kiti bado anamtolea, kwa sababu anasema ni mteja pekee anayesifu mifuko. Kisha kati ya mifuko yote hununua ule unaovuja, eti ndio wenye somo. Tunakunywa chai ya somo, shemeji, na sisimizi wamejiandikisha darasani.

4. Mtoto. Binti yetu alipozaliwa, baba mtu ndiye aliyemfunga blanketi siku ya kutoka hospitali. Alimfunga vizuri mno. Wageni waliokuja kumwona walimgeuza huku na huku wakitafuta anapofunguliwa, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyemzaa fundi mwenyewe, alisalimu amri. Nikasema ni furaha ya mtoto wa kwanza, itapita. Mwezi jana mwalimu wa shule aliniita. Watoto walikuwa wameambiwa wachore familia zao, na wa kwetu alikuwa amechora maboksi matatu, kila moja na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Boksi la baba lilikuwa linacheka. Langu lilikuwa na alama ya glasi, ile ya kuonya kwamba kuna kitu kinachovunjika.

5. Mimi mwenyewe. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Nilipoteleza ngazini wakati wa mvua, alikuja mbio akapiga magoti pale penye maji na suruali yake ya kazini. Nilingoja pole. Aliuliza nimeangukia upande gani. Ndiyo, baadaye pole ilikuja, na mkono aliufunga mpaka daktari akaita wenzake waje wautazame, akasema yeye hagusi kitu. Lakini swali la kwanza ndilo la moyoni. Nimepiga hesabu ya chuo chenu: nimeshaanguka mara moja, kwa hiyo zimebaki tisa. Sitaki kuzimaliza.

6. Kunyamaza. Tangu karatasi yako ifike hasemi kama anataka kwenda au hataki. Nikimuuliza, anajibu kwamba kitivo kitaamua. Anakaa kwenye ujia akikata kadibodi, akiandika juu ya kila boksi kilichomo, na hapigi hata mluzi. Mimi nachukulia kwamba ni furaha inayomzidi.

Kwa hoja hizo, na kwa faida ya elimu, apelekwe. Naongeza masharti machache. Apewe nyumba ya chini, asiwe na mtu wa kumwangushia. Pawe na mtu wa kumwita chakula kikiwa tayari, kwa sababu asipoitwa mara tatu hali, na mara ya tatu aitwe kwa sauti. Kama huko kuna baridi akumbushwe sweta. La kijivu, la bluu linambana mabegani. Asiachwe afanye kazi na kile kisu cha kadibodi akiwa na usingizi. Haya si mahaba, shemeji, ni maelezo ya utunzaji wa mzigo.

Nisalimie mhazili wako anayejua siri zetu zote na hajatoa hata moja, fundi wa mashine ya kubana maboksi na mgongo wake, mlinzi wa geti, wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokula wali wangu wote, na huyo mwalimu wa plastiki, ambaye namtakia abaki salama hapa hapa mjini.

Ni mimi, mwenye haki ya kupumzika,
Mke wa Bwana Kona

Tanbihi. Naandika nyuma ya bahasha kwa sababu ndani kumeshafungwa. Niliiacha mezani nikaenda kuepua sufuria, na niliporudi alikuwa ameshaikunja barua, ameitia ndani na kuibandika, kingo zote zimekaa sawa. Nilidhani ameisoma. Hakuisoma, shemeji, yeye hasomi cha mtu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akaniuliza kama kuna kitu nimesahau kutia. Nikamwambia hapana, hakuna. Akasema basi sawa, akarudi kwenye ujia kukata maboksi yake, na nikaona ameinamisha uso.

Usijisumbue kuifungua. Mpeleke wa plastiki. Nilisahau kutia kwamba sitaki aende.