Nimempasua Nora

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wazungu na viti vyao vya kukunja.

Mnajua ninamtunza Mzee Dermot, yule Muayalandi aliyefiwa na mkewe. Mzee ana ugonjwa mmoja: ziwa la kwao, Corrib. Visiwa vyake, magofu ya kanisa la watawa, na mwezi wa tano, vijidudu vikiibuka majini na samaki kuvifuata juu, wanaume wanaacha kazi na kukimbilia mashua. Mimi namjibu kwa Tanganyika: Uvira, giza la mwezi, taa za wavuvi zimejaa ziwani mpaka unadhani kuna mji kule. Tunashindana hivyo jikoni kila siku mpaka chai inapoa. (Nimekumbuka nyumbani, nifanyeje?)

Asubuhi akanipeleka bwawani kuvua. Mara ndoano ikavutwa. Mzee akasimama, magoti yake mabovu yote yamepona! Akatoa samaki mnene wa rangi ya shaba, akamlaza kwenye nyasi.

"Mshike, Furaha. Nakuja sasa hivi."

Akaenda garini, polepole kama kawaida yake.

Sasa, mimi ni binti wa ufukweni. Kwetu mwanaume akishatoa samaki majini, kazi iliyobaki ni ya mwanamke. Na ile harufu! Mikono ikaanza kazi bila kuniuliza. Kisu cha mkate. Magamba, tumbo, chumvi tuliyobeba kwa ajili ya mayai. Nikawa naimba kabisa.

Mzee akarudi na kamera.

Mlinzi wa bwawa, Mrundi, akaja mbio. "Eish, dada! Hapa samaki wanapigwa picha tu, wanarudishwa! Huyo ni Nora!"

(Samaki ana jina. Mimi nina miaka mingi huku ugenini, mtaa wa Bellevue, jirani hajui langu.)

Wazungu wakainuka vitini. Mmoja akavua kofia. Kumbe Mzee alikuwa anamtafuta Nora tangu mkewe akiwa hai. Akaiteremsha kamera. Nilitamani bwawa linimeze.

"Mzee, nisamehe."

Akaitazama mikono yangu. "Bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Zamani samaki wa ziwa letu walikuwa mali ya tajiri mwenye ardhi. Ukikutwa na samaki, jela. Bibi alipasua haraka kuliko wewe." Akavuta kamasi. "Uvira mnampikaje?"

Nikampika kwa mawese, nyanya na pilipili, bugali pembeni. Mzee kaongeza mara mbili, kisha akachukua kamera. Picha ikapigwa. Ya mifupa.

Naombeni asicheke mtu. Jumamosi tunarudi bwawani, ila kisu cha mkate amekificha.