Onyo Alilopewa Binti Yangu kwa Ajili ya Vivinjari Vitano

Ndugu Mkutubi Mkuu,

Shikamoo, au marahaba, maana sijui nani kati yetu alitangulia kuliona jua. Mimi ni mama mzazi wa fundi wako wa kompyuta, yule mrefu mpole aliyeshika namba moja tangu chekechea. Mimi niliishia la saba, lakini mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nimeiona barua yako ya onyo: kwamba kompyuta ya chumba cha kusomea ina vivinjari vitano, wasomaji hawajui waingie mtandaoni kwa kipi, na Ijumaa utaamua kama binti yangu abaki kazini. Aliisoma, akaikunja, akala nusu sahani. Hakusema neno. Basi nasema mimi.

1. Jikoni kwangu nina masufuria matano na jiko moja. Hakuna mgeni aliyewahi kuniandikia onyo.

2. Fundi aliyemtangulia alijua njia moja tu: kufungua kivinjari kilichokuja na kompyuta ili akitume kikalete kingine, kama mtu anayemtuma mke mkubwa akampelekee posa ya mke mdogo. Wangu ana njia nne. Anapakua mtandaoni. Mtandao ukikatika, anakitoa kwenye flashi. Akitaka, anakichukua kwenye duka la programu lililomo humo humo kwenye mashine. Au anafungua kidirisha cheusi, anaandika mstari mmoja, anakunja mikono, kinajiweka chenyewe. Nimemwona nyumbani. Majirani pia wamemwona, niliwaita.

3. Umeandika pia kwenye onyo eti mtu asome kwanza kabla ya kubonyeza "Nakubali". Ndugu, mashine inauliza kwa adabu, nasi kwetu anayeomba vizuri hanyimwi. Hata mimi, siku ile nilipomngoja binti yangu hapo kwenu mchana kutwa, nimekaa mbele ya kompyuta hiyo hiyo, iliniomba mara nyingi, na sikuinyima hata mara moja.

4. Kwa hiyo, mwenye njia nne akikalia stuli na wewe usiye na hata moja ukikalia kiti cha ofisini cha kuzunguka, naomba Ijumaa hiyo hiyo mbadilishane.

Nisalimie mlinzi, mama wa usafi, na wote wanaosubiri zamu ya kompyuta.

Ni mimi, mwenye uchungu wa mwana,
Mama Fundi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, binti yangu ameisoma. Alipofika namba tatu akaiweka chini, akasema taratibu, "Mama, mimi niliacha kimoja tu mle." Kumbe alijua tangu siku ya kwanza, akalipokea onyo kimya ili nisiaibike. Ndugu Mkutubi, hayo ya kiti yaache. Mwache mtoto na stuli yake, ulifute jina lake kwenye onyo, uandike langu. Ila uliandike kwa mwandiko mzuri, nitalitundika sebuleni: mtaa mzima hakuna mwanamke mwingine wa la saba aliyeweka vivinjari vinne kwa mchana mmoja.