Babu wa Land Cruiser Zote

Remigius Tluway alimwona kuku kwanza, gari baadaye.

Alikuwa ametoka kumshawishi mzee mmoja wa kijiji cha Daa auze shamba la shemeji yake, mpango uliokufa pale shemeji mwenyewe alipotokea na jembe begani. Akawa anarudi barabarani kwa miguu, haraka kidogo, shati lake la kunyooshwa limemganda mgongoni, ndipo akakatisha uwanjani kwa bibi mmoja kuomba maji. Na pale, nyuma ya ghala la mahindi, akamwona kuku mwekundu ametulia kwenye kiti cha dereva, kifua mbele, kama anayesubiri trafiki ampungie mkono apite.

Kiti kilikuwa ndani ya Land Cruiser. Lilikuwa gari fupi, la zamani sana, taa zake mbili za mviringo zimesogeleana kama macho ya mtu mwenye mashaka. Rangi ilishakwenda zake, turubai la juu lilishaoza, na matairi hayakuwepo. Lilikaa juu ya mawe kama chungu, ila mafiga yake yalikuwa manne.

Mtu mwingine angeona banda la kuku akanywa maji yake akaondoka. Remigius hakuwa mtu mwingine. Mjini Karatu walimwita Profesa, kwa sababu hakuna aliyeijua historia ya Toyota kama yeye, na hakuna aliyeitumia vibaya kama yeye. Aliwahi kuuza Noah moja kwa watu watatu, na wote watatu wakamshukuru kwa somo kabla hawajagundua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji yako kwenye ndoo pale," alijibu Bibi Cresensia, mjane wa miaka sabini na kitu, bila kuinua uso kwenye mbaazi alizokuwa anapeta. "Na gari haliuzwi."

"Nani kasema nataka gari?"

"Umelitazama kama fisi aliyeona mbuzi anachechemea."

Remigius akacheka, akanywa maji, akavuta kigoda. Akaeleza kwamba anakusanya vyuma chakavu, kazi ya baraka, kusafisha nyua za wajane. Bibi akamsikiliza hadi mwisho.

"Kuku wangu watalala wapi?"

"Nitakujengea banda, bibi. La bati."

"Na wavu."

"Na wavu."

"Na choo."

"Bibi, kuku hawatumii choo."

"Changu mimi."

Baada ya mapatano marefu kuliko ya mahari, banda likajengwa, na choo kikajengwa. Ili vijengwe, Remigius aliuza simu yake kubwa na saa yake ya mkononi, akabaki na kitu kimoja tu cha kumtambulisha kama mtu wa maana: viatu vyake vya ngozi, vyenye ncha kali, vyeusi ti. Hakujali. Kichwani alikuwa ameshamchagua mteja.

Mteja aliitwa Lazaro. Huyu alikuwa na magari manne ya kupeleka wageni Ngorongoro, nyumba yenye ukuta mrefu kwenye kilima juu ya mji, na tabia ya kuuliza bei ya kila kitu, hata kisichouzwa. Remigius alimkuta uwanjani ameketi kwenye kiti cha plastiki, anawasimamia watu wanaoosha magari ambayo hayakuwa machafu.

"Bosi wangu, nikuulize. Toyota ilianza kwa kutengeneza nini?"

"Magari," alisema Lazaro.

"Nguo!"

"Toka hapa."

"Mashine za kufuma nguo, bosi. Mzee Toyoda alikuwa bingwa wa mashine za kufumia. Uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Magari yalikuja baadaye, aliyaanzisha mwanawe."

Lazaro alimwita Naeku, dereva na mwongozaji wake, binti wa Kimaasai kutoka Engaresero aliyekuwa amesoma Kijapani Arusha miaka mitatu kwa ajili ya wageni. Naeku alitazama kwenye simu yake. "Ni kweli, mzee."

"Toyoda, nimesema. Kwa herufi ya *d*. Wakaibadilisha ikawa Toyota kwa sababu kwa maandishi yao jina hilo linaandikwa kwa michoro minane, na nane kwao ni namba ya bahati. Mwulize!"

Naeku akachora jina lile kwa kidole kwenye vumbi la ukutani, akahesabu mistari. Minane. Akamtazama Remigius kwa heshima kidogo.

"Na mwaka hamsini na moja," Remigius aliendelea, sauti ikipanda kama ya mhubiri, "babu wa Land Cruiser zote aliupanda Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Hakuna gari lililokuwa limefika pale. Tangu siku hiyo, bosi, gari hili halifi. Linachoka, linapumzika, lakini kufa, halifi!"

Naeku alitazama tena simu. "Kweli tupu."

Hapa lisemwe jambo ambalo hakuna chuo kinacholifundisha. Uongo mzuri hupikwa kama makande: mahindi mengi, maharage ya kutosha, na punje moja tu ya mchanga. Mlaji hatambui kitu mpaka jino linapovunjika. Remigius alikuwa ameshapakua mahindi na maharage. Sasa akainama, akaongeza punje yake kwa kunong'ona.

"Kampuni inawatafuta mababu hao. Wanataka wakawaweke kwenye jumba lao la makumbusho. Ukiwapa babu mmoja, wanakupa mjukuu mpya, wa kutoka kiwandani, viti bado vina nailoni."

Lazaro alisogeza kiti chake karibu. "Nailoni?"

"Kila kiti."

"Na wewe babu unaye?"

"Nimemwacha Daa. Ningempeleka mwenyewe, bosi, lakini mtu kama mimi nitafikaje kwa Wajapani? Anatakiwa mtu mwenye kampuni, mwenye mhuri."

Lazaro alikuwa na mhuri. Tena aliupenda sana. Kabla jua halijafika utosini, wakabadilishana: Remigius akapata Hilux nyeupe ya Lazaro, nzima, na kadi yake, Lazaro akapata banda la kuku. Lori likalileta, Lazaro akalifunga matairi manne kutoka stoo yake, akaliosha, akalifunika turubai jipya ili lisipate baridi.

Mjanja mwenye akili hula huku anatembea. Remigius alipaswa kuwa Arusha siku hiyohiyo. Lakini mtu aliyepata Hilux bila jasho hukosa raha asipoonekana. Siku tatu nzima alipanda na kushuka barabara kuu ya Karatu, kiwiko dirishani, akipiga honi kwa watu asiowajua, akiwapa lifti hata waliokuwa wamefika.

Siku ya nne asubuhi alikuwa anakunywa chai kwenye mgahawa wa Mama Penina, ulio ng'ambo ya geti la Lazaro, pale mteremko unapoanza. Geti lilikuwa wazi. Akamwona Naeku anaingia na mgeni, mzee wa Kijapani mwenye kofia nyeupe. Lazaro akavuta turubai.

Mzee yule alivua kofia. Akaweka kiganja juu ya boneti taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akazunguka, akachungulia ndani, akafuta macho. Kisha akasema maneno mengi ya Kijapani, na Naeku akaitikia kwa kuinamisha kichwa.

"Anasemaje?" Lazaro aliuliza kwa sauti ya mnadani.

Naeku naye akajibu kwa sauti iliyovuka barabara bila taabu. "Anasema makao makuu wamesubiri miaka mingi! Anauliza kama mwenye mali atakubali magari mawili badala ya moja, maana usukani ni wa asili!"

Chai ilimpalia Remigius, ikatokea puani. Alikohoa mpaka Mama Penina akampiga mgongoni.

Mdomo wangu huu, aliwaza, umesema kweli bila mimi kujua! Na kwa nini isiwe kweli? Nguo zilikuwa kweli. Michoro minane ilikuwa kweli. Fuji ilikuwa kweli. Ni nani aliyemhakikishia kwamba la mwisho ndilo la uongo? Yeye mwenyewe! Na tangu lini yeye akawa mtu wa kuaminika? Akilini alimwona Lazaro akiendesha magari mawili mapya, akajisikia ameibiwa. Kwa kweli alikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Akavuka barabara mbio. Mgeni alikuwa ameshapelekwa bustanini kunywa kahawa.

"Bosi, nimekuja kwa jambo la huruma. Bibi Cresensia hali, hanywi. Analililia gari la marehemu mumewe. Lirudi, bosi. Nami nakurudishia Hilux."

Lazaro alishika kifua. "Maskini bibi wa watu. Lakini hapana."

"Nimejaza mafuta."

"Hapana, Profesa."

"Nimenunua na zulia la miguuni!"

Lazaro alitazama mbingu, akatazama ardhi, na macho yake yakaishia kwenye viatu vyeusi vyenye ncha kali. "Na hivyo viatu."

Remigius akainama, akavivua. Karatasi ikaandikwa juu ya boneti: wamebadilishana kwa hiari, bila kurudishiana hata dunia ipinduke. Wakatia sahihi, Lazaro akagonga mhuri wake mara mbili kwa raha, Naeku akawa shahidi. Kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, Naeku akamtolea Remigius makatambuga yake ya akiba, yale ya tairi.

Remigius akaenda bustanini, akainama mpaka kiunoni mbele ya mzee wa Kijapani.

"Konichiwa!"

"Mimi ni mkubwa kwako," alisema mzee yule kwa Kiswahili cha darasani, kila silabi imekaa mahali pake. "Kwa hiyo sema shikamoo."

Remigius alibaki ameinama. "Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Kuroiwa. Nilifundisha hesabu Mbulu nilipokuwa kijana. Sasa nimestaafu, ninakwenda Ziwa Natron kutazama ndege wale wa waridi, heroe."

"Na makao makuu?"

"Makao makuu gani?"

"Lakini, mzee, ulilia!"

"Gari kama lile lilinipeleka Mbulu siku yangu ya kwanza kazini. Nilitapika njia nzima. Nilikuwa na furaha sana." Machozi yakamlengalenga tena.

"Na yale magari mawili?" Sauti ya Remigius ilikuwa imebaki uzi.

Mzee Kuroiwa alifikiri. "Mayai. Nilimwambia Naeku kwamba chini ya kiti kuna mayai mawili, na kwamba yameoza."

Nyuma yake, uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Lazaro alikuwa ameshavaa viatu, anazunguka navyo kama bwana harusi. Naeku alijifuta machozi kwa ncha ya shuka yake.

"Kaka Remi," alisema, "nilisoma kila kitu Toyota walichoandika, kwa Kijapani chenyewe. Yote uliyosema yapo. Mababu tu ndio sikuwaona. Nikasema, mtu anayejua hivi, tusimwache na kosa moja."

Remigius aliwatazama mmoja mmoja.

"Haya," alisema Lazaro, "mwondoe babu yako uwanjani kwangu."

Ni Mzee Kuroiwa aliyewazuia. Alikuwa ameshakunja mikono ya shati na kufungua boneti. Akaomba mswaki mkuukuu, petroli kidogo, betri, na vipande viwili vya waya, akaanza kusafisha kitu kimoja baada ya kingine, akiimba polepole. Waosha magari walikuja kumcheka, wakaishia kumshikia spana. Mama Penina alifunga mgahawa akavuka kuja kutazama. Baada ya muda mrefu mzee akaunganisha nyaya, akamwashiria Remigius apande.

"Msukumeni!" alipiga kelele Lazaro, ambaye alitaka kicheko kimoja zaidi.

Wakasukuma. Gari likatoka getini, likashika mteremko, likakohoa. Bomba la moshi likatema majani makavu, kisha manyoya, kisha wingu jeusi. Likakohoa tena. Halafu, mbele ya macho ya mji, likanguruma.

Watu walipiga yowe. Mzee Kuroiwa aliruka juu kama mtoto. Hata Remigius alihisi kitu kinampanda kifuani, akasahau viatu, akasahau Hilux, akaanza kucheka peke yake huku ameshika usukani kwa mikono miwili. Ilikuwa cheche ya furaha safi, ya bure, ambayo hakuwa ameidanganyia mtu.

Ndipo akakanyaga breki. Katambuga likaenda chini mpaka likagonga bati, na halikukutana na kitu chochote njiani.

Hilux nyeupe ya Lazaro ilikuwa imeegeshwa ukingoni mwa barabara. Babu aliipitia ubavuni, kuanzia taa ya nyuma mpaka ya mbele, akaondoka na kioo chake cha pembeni bila yeye mwenyewe kupata mkwaruzo. Lazaro alianza kukimbia, lakini viatu vilikuwa vinambana. Viti vya Mama Penina vikaruka. Mbuzi wakatawanyika. Remigius alipapasa kutafuta ufunguo azime gari, akakuta matundu na nyaya mbili za Mzee Kuroiwa, zimesokotwa kwa ufundi wa mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote.

"Simama!" alilililia gari, akilipiga dashibodi kwa kiganja. "Zimika, babu! Kufa basi!"

Waliokuwa barabarani siku ile wanasema lilipita mjini likiwa linazidi kuchangamka, likakata kona kuelekea Daa, vumbi jekundu limesimama nyuma yake kama ukuta, na ndani yake mtu anaomba kwa sauti. Miaka kumi na minane ya ujanja wake, Remigius alikuwa ameapa mbele za watu kwamba gari la aina hiyo halifi. Siku moja tu ndiyo aliyotamani life, na likakataa.