Gurudumu la Mbele, kwa Ajili ya Ivonne

Jumatatu, 6 Mei

Tairi jipya la mbele limefika! Jumapili padre anabariki pikipiki kule kanisani mlimani, na Ivonne lazima apande nyuma yangu. Kama mwaka 1971, kwenye pikipiki hii hii ya marehemu baba. Alinikumbatia njia nzima, kwenda na kurudi. Nina miaka sabini na tatu na bado naisikia ile mikono. Sasa ni mjane, nyonga inamsumbua, ametangaza mbele ya baa nzima kwamba atapanda pikipiki isiyotikisika. Athos, naye ana pikipiki, akadakia eti magurudumu yake yamesawazishwa kwa mashine, yangu mimi Nevio yatasawazishwa kwa rozari. Watu wakacheka. Mshenzi!

Jumanne, 7 Mei

Nimevalisha tairi mwenyewe, jikoni. Maji ya sabuni, vyuma viwili vya kubandulia, magoti. Nimetoboa mpira wa ndani. Nimeziba. Nimetoboa tena. Baba alikuwa anamaliza kazi hii huku anapiga mluzi. Jamani, nimemkumbuka mzee wangu leo!

Jumatano, 8 Mei

Kusawazisha. Njia ya baba: ekseli juu ya migongo ya viti viwili, unazungusha gurudumu, unaliacha lisimame lenyewe. Upande mzito unashuka chini. Unabandika kipande cha risasi, ile metali nzito, juu, mkabala wake. Unarudia mpaka lisimame popote. Lakini beringi zinakwaruza na grisi imeisha. Dukani siendi, Athos anashinda pale mlangoni. Nikaona bakuli la dada yangu Ersilia, mafuta ya nguruwe ya kukandia piadina, mikate yetu bapa. Meupe, mazito. Akili hiyo! Nimezishindilia beringi mpaka pomoni.

Alhamisi, 9 Mei

Ajabu! Linazunguka zito kama mwiko kwenye ugali, na linasimama popote! Juu, chini, kando. Halitaki hata kipande kimoja! Nimebandua hata vile vinne vya zamani kwenye rimu. Mwaka 71 nilifunga tairi mwenyewe, na baba akavibandika baada ya safari ile, sijui alihangaika nini. Nimevitia mfukoni, ukumbusho wake.

Ersilia anauliza mafuta yake yako wapi. Nimesema huenda ni paka. Ameniambia paka alikufa Krismasi.

Jumapili, 12 Mei

Ivonne amepanda! Kanikumbatia! Kofia yake ngumu ikanigonga mgongoni, nikajiona kijana. Mara usukani ukaanza kutikisika. Kisha miwani. Kisha meno. Mafuta yameyeyuka, yanachuruzika, barabara nzima inanukia piadina, mbwa watatu nyuma yetu. Ivonne akanibana zaidi. Nikaongeza mwendo.

Kwenye kona akapiga kelele nisimame. Akashuka, kashika nyonga, anacheka mpaka anafuta machozi. Akasema hata mwaka ule ilitikisika hivi hivi. Nikamwuliza, taratibu, kama ndiyo maana alinikumbatia vile.

“Nevio wangu, ulidhani nini? Niliogopa kufa!”

Akanishika shavu. Akapanda ya Athos, aliyekuwa akitufuata.

Miaka hamsini na mitatu nimeitunza ile mikono! Nimerudi nyumbani naisukuma pikipiki, na mbwa wananisindikiza. Nimelia kidogo.

Jumatatu, 13 Mei

Nimetafakari usiku kucha. Kwanza, kaniita “wangu”. Athos hajaitwa hivyo. Pili, kosa nimeliona: yale mafuta yalikuwa laini mno. Ersilia amenunua mengine, magumu, ameyafungia kabatini.

Ufunguo uko nyuma ya picha ya mama.